Keji Iliyotoka kwa Ogwang

Watu hudhani mtu akistaafu anapumzika. Hayo ni maneno ya watu ambao hawajastaafu. Mimi nilistaafu mwezi wa pili, na tangu siku hiyo sijapata kunywa kikombe cha chai nikakimaliza kikiwa bado moto. Mara fomu, mara picha za pasipoti, mara nenda urudi kesho. Miaka thelathini na moja nimelala chini ya magari ya polisi nikifungua na kufunga, na sasa mgongo unanidai kila siku moja ya miaka hiyo.

Naitwa Ogwang. Nyumba tuliyokaa mimi na mke wangu Atoo, hapa Nsambya kwenye nyumba za polisi, ilikuwa ya serikali, nami nilikuwa mtu wa serikali. Mimi nimeacha, nyumba haijaacha. Tulitakiwa kuikabidhi mwisho wa mwezi wa nne, na haki ni haki, sikuwa na kinyongo na mtu. Kinyongo nilikuwa nacho na nyumba yangu mwenyewe, ile ya Lira, iliyosimama kuta tupu miaka mitatu ikisubiri bati. Kila mvua iliponyesha kule, shemeji yangu alinipigia simu kunieleza ni tofali gani limeanguka, utadhani mimi ndiye niliyenyesha.

Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuuza ni keji.

Kwa asiyejua, keji ni yale mabomba ya chuma yanayofungwa ndani ya gari la rali. Gari likipinduka, bati la juu linabonyea, lakini mabomba yanabaki yamesimama, na dereva anatoka akitambaa, anatukana, mzima. Hii yangu ilikuwa ya Subaru Impreza ya milango minne, ya kufunga kwa bolti wala si ya kuchomelea, na chuma chake ni kile kizuri ambacho siku hizi ukikiulizia wauzaji wanakutazama tu. Aliniachia dereva mmoja anayeitwa Siraje, alipochoka na rali akauza gari lake. Hakuwa na cha kunilipa kwa kazi niliyomfanyia, akasema, "Mzee, chukua hii." Nikaichukua, nikaiweka nyuma ya nyumba, na hapo Atoo akaiona.

Mwanamke wa kambini hawezi kuona chuma kimekaa bure akakiacha. Haikupita wiki alikuwa ameiinua juu ya matofali, ameifunika turubai pande tatu, ametia godoro dogo ndani. Keji ya Siraje ikawa chumba cha mjukuu wetu Abalo, ambaye mama yake Ayot, binti yetu, alikuwa amemleta kukaa nasi akiwa na miaka mitatu. Mtoto alikipenda chumba chake. Wenzake wote pale kambini walikuwa wakilala wanne kitanda kimoja, yeye ana nyumba yake.

Halafu akashikwa na malaria. Akapona, akashikwa tena. Mara ya pili tulikaa naye hospitalini siku tano, na tuliporudi Atoo aliniambia nifunge chandarua vizuri, siyo ile kamba yangu iliyokuwa inateleza kwenye mkunjo wa bomba kila mtoto akijigeuza. Mtu mwenye akili zake angetafuta waya. Mimi nilikuwa na drili ya kazini mkononi, na mtoto bado anachemka. Nilitoboa tundu moja la milimita kumi kwenye mkunjo wa bomba kuu, upande wa kushoto, nikatia ndoano. Chandarua kikakaa. Mtoto hakuugua tena, na sasa anasoma shule kwa mama yake huko Gulu.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza, kwa sababu mimi najua tundu ni nini. Wikendi, kwa miaka kumi na minane, nilikuwa mkaguzi wa magari ya rali. Siku moja kabla ya mashindano madereva wanaleta magari, mkaguzi anaingia na tochi na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza, anachungulia. Gari likifaa analibandikia stika. Lisipofaa, halianzi. Na sheria ya keji ni nyepesi kuliko zote: bomba halitobolewi. Bomba zima likipigwa linapinda, na kule kupinda ndiko kunakookoa mtu. Lenye tundu halipindi, linakatika pale pale penye tundu. Na huwezi kuziba kwa kuchomelea, maana ule moto wenyewe unakiharibu chuma pembeni yake.

Nimekataa keji ya mtoto wa waziri. Nimekataa keji ya mtu aliyekuja na bahasha, na ya mtu aliyekuja na mbuzi. Waliniita Ogwang Hapana, na jina hilo lilinipendeza, sitaficha. Atoo halikumpendeza. Yeye alikuwa akitaja wenzangu waliosema ndiyo, na kila mmoja ana nyumba ya ghorofa mahali fulani, halafu ananyamaza na kuendelea kuchambua maharage. Kule kunyamaza kwake kumenichosha kuliko magari yote ya polisi.

Basi mwezi wa tatu tukafunua turubai. Nilitoa ndoano, nikakwangua masizi na kutu, na nilipofika kwenye tundu nilikaa nalitazama muda mrefu. Kisha nikachukua pati ile ya kuzibia bodi za magari, nikaziba. Nikajiambia ni kuzuia maji yasiingie ndani ya bomba. Nikasugua kwa msasa mpaka pakawa laini, nikapiga rangi nyeupe keji nzima, mara mbili. Nikajiambia hakuna anayenunua kitu chenye rangi imebanduka. Nilijiambia mambo mengi siku ile, na yote niliyaamini mpaka rangi ilipokauka.

Ayot akapiga picha alipokuja kututembelea, akaituma kwenye kundi la simu la watu wa rali. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu hakikutembea hata hatua moja. Jioni ile ile simu ikalia.

"Hiyo keji usimpe mtu mwingine," sauti ikasema. "Nakuja Jumamosi."

Alikuja saa nne asubuhi na pikapu, yeye na mkewe. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, Mkenya wa Bungoma, anauza vigae vya sakafu huko Ntinda. Jina lake Wangila. Alishuka akicheka, mikono imetanuka.

"Mzee Ogwang Hapana! Unanikumbuka?"

Sikumkumbuka.

"Mbarara, miaka mitano iliyopita. Ulikataa keji yangu mbele ya watu wote. Nikakutukana mpaka nikamtukana mama yako."

"Wengi sana ametukana mama yangu," nikamwambia kwa Kiswahili changu cha kambi. "Wewe iko namba ngapi?"

Alicheka mpaka akashika pikapu. Mkewe hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, amefunga kitambaa kichwani, na macho yake yalikuwa tayari kwenye keji. Wangila akamtambulisha: Nakhisa.

"Huyu ndiye mwenye rali siku hizi," Wangila akasema. "Mimi ni dereva tu. Baada ya ile siku ya Mbarara nilikasirika, nikauza keji kwa watu wa chuma chakavu, na huyu akasema basi. Hakuna rali tena mpaka atakaposema yeye. Miaka mitano, mzee! Gari limekaa kwenye gereji kuku wanatagia."

"Na nimesema sasa," Nakhisa akasema. "Nilimwambia ukitaka kurudi, keji itoke kwa yule mzee aliyekukataza. Isitoke kwa mtu mwingine. Nilipoona picha, ni mimi nilimwambia apige simu."

Nikaenda kwenye keji, nikaipiga kofi, nikasema, "Angalia kwanza. Chukua tochi. Angalia miguu, angalia kila mkunjo. Chuma ya zamani hii."

"Nikukague wewe?" Wangila alishangaa kweli. "Mzee, hayo si ni matusi mengine? Ya mama yako yalitosha."

"Angalia tu."

"Sitaangalia. Ningekuwa nataka kuangalia ningenunua kwa mtu mwingine, bei ya chini."

Nilitaka kusema. Mungu ananiona, nilitaka. Nilifungua mdomo nikasema, "Iko kitu moja," na wakati huo huo Atoo akatoka na sinia, chai na njugu za kukaanga, ametandika kitambaa kile cha wageni. Akaweka sinia juu ya stuli, akainuka polepole akishika kiuno, akanitazama. Hakunikonyeza, hakukunja uso. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri gari ambalo limechelewa miaka mingi.

"Kitu gani, mzee?" Wangila akauliza.

"Bolti zake," nikasema. "Bolti ni za zamani. Nunua mpya."

"Nitanunua. Hiyo tu?"

"Iyo tu."

Tukanywa chai. Wangila akasimulia gari lake, injini yake, fundi wake Fadhul atakayeifunga keji, rali atakayoanza nayo wiki mbili zijazo. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeambiwa kesho ni sikukuu. Nakhisa hakugusa njugu. Mwishoni akageuza kiti chake akanielekea mimi.

"Mzee, mimi sijui vyuma," akasema. "Nataka kukuuliza swali moja tu, halafu nitanyamaza. Hii keji ingekuja mbele yako siku ya ukaguzi, ya mtu usiyemjua, ungeipitisha?"

Nilichoka. Sitafuti kisingizio, nasema tu ilivyokuwa. Nilichoka kuwa mtu wa hapana. Nilifikiria kuta za Lira na simu za shemeji. Nilifikiria mgongo wa Atoo. Nilifikiria kwamba magari mengi hayapinduki kamwe, na yanayopinduka mengine hayaangukii upande wa kushoto.

"Ningepitisha," nikasema.

Akashusha pumzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante, na mikono ilikuwa ya baridi, kumbe muda wote ule alikuwa na hofu. Wangila akahesabu milioni nne juu ya stuli. Tukapakia keji kwenye pikapu, yeye mbele, mimi nyuma, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika pale pale penye mkunjo. Palikuwa laini kabisa. Kazi nzuri, nikajisemea, na nikajichukia.

Zile wiki mbili sitazisimulia sana. Atoo aliamka mtu mwingine. Alikuwa akiimba akifungasha vyombo. Alienda mwenyewe na zile milioni kununua mabati, akachagua yale mazito, akabishana na muuzaji mpaka akaongezewa misumari. Mimi nilikuwa nakula vijiko vitatu nasukuma sahani. Aliponiuliza nina nini, nikamwambia ni tumbo. Mara mbili nilichukua simu nikatafuta jina la Wangila, nikaliangalia, nikaweka simu chini. Mara ya kwanza nilijiambia atakuwa na wateja. Mara ya pili sikujiambia kitu.

Mtu anaweza kuuliza, Atoo alijua? Alijua. Yeye ndiye aliyelala karibu na mtoto, alikijua kila chuma cha chumba kile. Lakini yeye hakuwa mkaguzi. Kwake lilikuwa tundu la chandarua. Mimi ndiye niliyelijua kwa jina lake lingine.

Ijumaa ile lori lilifika asubuhi. Dereva aliitwa Augustin, mtu wa maneno machache, anarudi Lira lori likiwa nusu tupu. Tulipakia kitanda, kabati, magunia ya nguo, sufuria, halafu mabati yote juu, yamelala vizuri. Nyumba ilibaki inarudisha sauti. Atoo alikuwa anafagia sakafu ambayo si yake tena, maana hakutaka mtu aje aseme mke wa Ogwang aliacha uchafu. Augustin alikuwa ameshapanda juu anatupa kamba upande wa pili simu yangu ilipolia.

Alikuwa Aol. Huyu Aol ni askari mdogo wa karakana, nilimfundisha ukaguzi mwenyewe, miaka minne ananifuata na daftari, na nilipostaafu yeye ndiye aliyechukua tochi yangu. Mpaka leo ananiita afande.

"Afande, jambo! Mimi napiga kusalimia tu. Niko kwa ukaguzi hapa, magari iko mingi."

"Jambo, Aol. Kazi iko sawa?"

"Iko sawa sana. Leo umenirahisishia kazi, afande. Yule Wangila amekuja na keji yako. Nimemuuliza imetoka wapi, anasema kwa Ogwang. Nikasema basi, mimi nitakagua nini tena?" Alicheka. "Sponji ya kukinga kichwa, Fadhul amefunga vizuri juu ya bomba, hata sijafungua. Nabandika stika, napumua."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Augustin alinionyesha kwa mkono kwamba kamba iko tayari, nishike ncha ya chini. Ningesema tu kazi njema, Aol. Maneno mawili na jina. Angebandika, angepumua, mimi ningeshika kamba.

"Stika umebandika?" nikauliza.

"Iko mkononi."

"Usibandike."

Kule nyuma yake nilisikia injini zinaunguruma na mtu anapiga kelele apishwe.

"Fungua ile sponji ya kushoto," nikasema. "Bomba kuu, pale kwa mkunjo. Chukua kisu, kwangua rangi. Chini iko pati. Chini ya pati iko tundu. Milimita kumi."

"Tundu?"

"Tundu."

"Afande, nani alitoboa?"

"Mimi."

"Na wakati unauza ulijua?"

"Nilijua."

Nilimsikia, nadhani, anakwenda kwenye gari, maana sauti za watu zilibadilika, kisha ukimya wa mtu aliyeinama ndani ya kitu, kisha kisu kikikwangua. Kilikwangua kidogo tu, kikaacha.

"Nimeona," akasema. "Sawa, Mzee Ogwang."

Siyo afande. Akakata simu.

Nikashusha simu. Atoo alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu na fagio. Alikuwa amesikia upande wangu wote. Sisi nyumbani tunasemezana Kilango, lugha ya kwetu Lira, lakini Atoo akikasirika hugeukia Kiswahili cha kambi, lugha ya amri, ili nijue hatuzungumzi kama mke na mume.

"Dakika moja," akasema. "Baba Ayot, wewe ungenyamaza dakika moja tu."

"Nimenyamaza wiki mbili."

"Ungeongeza dakika moja!" Akatupa fagio. "Ile tundu hapana ya ubaya. Ile tundu iliponya mutoto. Wewe nakataa vyuma ya watu miaka yote, mimi nanyamaza. Leo iko chuma yetu, nyumba yetu, bado wewe nakataa. Sasa sisi nalala wapi? Kwa stika?"

Wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimewachoma wengi mkuki ule, na wake zao pia, nadhani, walisimama mahali fulani na fagio. Sikuwa nimewahi kuwafikiria. Nilimwonea Atoo huruma, maana kila alichosema kilikuwa kweli.

Nikatoka nje. Augustin alikuwa bado juu ya mabati.

"Mzee, nifunge?"

"Teremsha," nikamwambia.

"Nini?"

"Mabati. Teremsha yote. Nitarudisha dukani. Vyombo vingine vitaenda."

Alinitazama kama anayesubiri nicheke. Sikucheka. Akaanza kufungua kamba, akinung'unika kwamba amepoteza asubuhi nzima, na mimi nikapokea bati la kwanza, nikaliweka chini, nikapokea la pili. Nilikuwa nikipiga hesabu ya namna hii: duka litakata kitu, nitaongezea kile kidogo cha kiinua mgongo kilichobaki, Wangila atapata milioni zake zote. Nilikuwa nimeanza hata kujisikia vizuri kidogo, nikiri. Mgongo unauma, mke analia ndani, lakini nilikuwa tena Ogwang Hapana. Nilikuwa nimerudi mahali pangu.

Simu ikalia tena. Namba ya Wangila. Nikajiandaa kutukanwa, na kweli nilitaka anitukane, hata mama yangu nilikuwa tayari kumtoa.

Haikuwa sauti ya Wangila. Ilikuwa ya Nakhisa, na haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka kama yangu.

"Mzee, tumeliona tundu," akasema.

"Pesa yenu iko," nikamwambia haraka. "Yote. Jumatatu. Nisamehe, mwanangu. Mimi nilikosa, lakini nimesema kabla ya stika. Nimesema mwenyewe."

"Umesema. Asante kwa hilo. Pesa utaleta tu, sina wasiwasi." Nilisikia Wangila nyuma anaongea na mtu, sauti iko chini, bila kicheko. "Mimi nauliza kitu kingine. Ile keji ya kwanza. Ile ya Mbarara uliyoikataa, tukaiuza chakavu. Mume wangu akakaa miaka mitano, wafadhili wakamwacha, akawa mtu wa kukaa kimya mezani. Ile ilikuwa na kosa kweli?"

"Ilikuwa na kosa," nikasema.

Sikuikumbuka. Nimekataa keji nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na kila moja ilikuwa na kosa, najua ilikuwa na kosa, ningeapa kwa kaburi la mama yangu aliyetukanwa. Lakini keji yenyewe sikuikumbuka, wala rangi yake, wala ni bomba gani.

"Kosa gani?"

Augustin alikuwa ameninyooshea bati jingine kutoka juu, ananisubiri nilipokee.

"Mzee," Nakhisa akasema, "hata kwenye hii uliniambia ungeipitisha. Nilikutazama machoni. Sasa ya ile nitajuaje?"

Akasubiri. Hakukata simu. Alikuwa anataka jibu kwa dhati, na mimi nilisimama pale na simu sikioni, mkono mwingine juu kwenye ncha ya bati, nikijaribu kuikumbuka ile keji ya Mbarara, hata rangi yake tu.